Krotoni: Kichaka cha Rangi Mwaka Mzima

Krotoni ni kichaka cha bustani kinachopandwa kwa ajili ya majani yake. Hakipukutishi majani kwa msimu, na majani hayo hubeba rangi ya njano, machungwa, nyekundu, waridi, zambarau na hata weusi unaokaribia mkaa, zikiwa zimepangwa kwa mabaka, madoadoa, mistari au kingo juu ya kijani. Kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Dar es Salaam na Unguja, ni nadra kupita mtaa wenye nyumba zenye ua bila kuikuta: kwenye uzio wa shule, mbele ya msikiti au kanisa, kandokando ya njia za hoteli, au ndani ya ndoo kuukuu ya rangi iliyotobolewa chini na kuwekwa barazani. Wenye nyumba wengi huihesabu miongoni mwa maua, ingawa maua yake yenyewe ni madogo na hayavutii macho. Kwa kuwa imezoeleka mno, mara nyingi hupandwa na kuachwa ijitafutie, kisha watu hushangaa inapogeuka kijani au kubaki vijiti vitupu. Hilo ni jambo la kusikitisha, maana ukishaelewa rangi za krotoni zinatoka wapi, karibu kila kazi ya kuitunza hujieleza yenyewe.

Jina lake la kisayansi ni Codiaeum variegatum, na iko katika familia ya Euphorbiaceae. Familia hiyo si ngeni Afrika Mashariki: imo mihogo, mbarika, mpira unaogemwa utomvu, mbono kaburi na mnyaa unaopandwa kuwa ua wa boma. Kama ndugu zake wengi, krotoni hutoa utomvu pale inapokatwa au kuvunjwa. Ikiachwa ikue bila kukatwa hufikia kimo cha mita 3 hivi, ikiwa na matawi mengi yanayoanzia karibu na ardhi. Majani ni mazito kama ngozi, yana mng'ao juu, na urefu wake ni kati ya sentimita 5 na 30 kutegemea aina. Maua ya kiume na ya kike hutokea kwenye mmea mmoja lakini katika shada tofauti zilizo nyembamba na ndefu. Yale ya kiume ni meupe yenye stameni nyingi zilizotawanyika, na ya kike ni ya manjano na hayana petali. Tunda ni kidonge kidogo kisichozidi sentimita moja, chenye mbegu tatu.

Ipo jenasi nyingine ambayo wataalamu huiita Croton, na hiyo ina miti ya asili ya Afrika Mashariki, ukiwemo mukinduri wa nyanda za juu za Kenya. Miti hiyo na krotoni ya bustanini ni ya familia moja, lakini si kitu kimoja. Utata huo wa jina ulianza zamani. Mwanasayansi mzaliwa wa Ujerumani, Georg Eberhard Rumphius, aliyeitumikia kampuni ya Waholanzi katika kisiwa cha Ambon, kwenye Indonesia ya leo, aliuandika mmea huu katika kitabu chake kikubwa cha mimea ya kisiwa hicho. Alipofuka mwaka 1670 akiwa katikati ya kazi, moto wa mwaka 1687 ukateketeza michoro yake, na akafariki mwaka 1702 bila kukiona kitabu kikichapwa. Kilitoka kati ya 1741 na 1750. Mwaka 1753 Carl Linnaeus aliuweka mmea katika jenasi ya Croton, na mwaka 1824 Mfaransa Adrien de Jussieu akautoa humo na kuurudisha kwenye jina alilolitumia Rumphius, Codiaeum. Wakulima wa bustani walikuwa wameshazoea jina la Croton, wakabaki nalo.

Asili ya krotoni ni eneo la kuanzia Malaysia, Indonesia na Ufilipino, kupitia Papua New Guinea, hadi kaskazini mwa Australia na visiwa vya magharibi mwa Pasifiki. Wakazi wa visiwa hivyo walikuwa wakiipanda kuzunguka makazi yao muda mrefu kabla haijafika Ulaya, wakiteua ile iliyotoa jani la kuvutia zaidi. Katika miaka ya 1860 John Gould Veitch, wa ukoo wa Waingereza waliokuwa wakikusanya na kuuza mimea, alizunguka visiwa vya Pasifiki na kurudi na aina kadhaa. Zikalelewa London ndani ya nyumba za vioo zenye joto, kisha zikasambaa katika makoloni ya nchi za tropiki, mahali ambapo hazikuhitaji kioo wala moto wa kupashia. Hivyo krotoni inayoonekana ya kienyeji kabisa kwenye ua wa Bagamoyo ni mgeni aliyekuja kwa meli.

Kijani cha jani lolote hutokana na umbijani, kemikali inayonasa mwanga wa jua na kuuwezesha mmea kujitengenezea chakula. Ndani ya jani la krotoni, umbijani haukusambaa sawasawa. Pale unapopungua, rangi nyingine zilizomo huonekana. Karotinoidi, kundi la rangi linalopatikana pia kwenye karoti na embe bivu, hutoa njano na machungwa. Anthosianini hutoa wekundu na zambarau. Jani moja linaweza kuwa na zote tatu kwa viwango mbalimbali, sehemu moja ikiwa na umbijani mwingi, nyingine haba, na nyingine ikiwa imefunikwa na wekundu unaouficha umbijani ulio chini yake. Anthosianini pia hudhaniwa kuwa na kazi ya kulikinga jani dhidi ya jua linalozidi uwezo wake.

Gharama ya rangi hizo ni kwamba sehemu ya jani isiyo na umbijani hailishi mmea. Ndiyo maana aina zenye njano nyingi hukua taratibu kuliko zile zenye kijani kingi, na ndiyo maana krotoni iliyowekwa gizani hugeuka kijani. Mwanga unapokuwa haba, majani mapya hutoka na umbijani mwingi zaidi ili yanase kile kidogo kilichopo, na hakuna mbolea wala dawa itakayoyapaka rangi. Kinachohitajika ni kuusogeza mmea penye mwanga, au kupunguza matawi ya mti unaoufunika.

Rangi hubadilika pia kwa umri wa jani, na tawi moja linatosha kuonyesha jambo hilo. Katika aina iitwayo Petra, ambayo ni ya kawaida mno kwenye vitalu, majani machanga ya kileleni huwa ya kijani chenye mishipa ya njano iliyokolea. Ukishuka jani baada ya jani, njano ya mshipa wa kati inaanza kuingia machungwa, kisha wekundu unapanda kutoka kwenye kikonyo kuelekea ncha, na kijani kilicho kati ya mishipa kinakuwa cheusi zaidi. Majani ya chini kabisa, yaliyokaa mtini muda mrefu, yanaweza kuwa na mishipa myekundu tupu juu ya jani linalokaribia zambarau. Mnunuzi anayeukataa mche kwa sababu kilele chake ni kijani anakosea, kwa kuwa rangi ya kilele haijafika bado. Cha kutazama ni majani ya katikati na ya chini.

Aina za krotoni zimefikia mamia, na nyingi zilitokana na kuchavushwa kwa mkono au na tawi moja lililobadilika lenyewe juu ya mmea uliojulikana. Gold Dust ina majani madogo ya kijani yaliyonyunyiziwa vidoa vya njano. Mammy ina majani marefu yaliyojisokota. Nyingine zina majani yenye ndewe. Aina moja inajulikana kwa jina la Zanzibar, na majani yake ni membamba na marefu kama ya nyasi, ya kijani, njano na nyekundu, yakianguka kwa wingi kutoka kwenye shina; jina hilo halina maana kwamba kichaka kilizaliwa Unguja. Ya kushangaza kuliko zote ni Interruptum. Bamba la jani hupungua hadi kwisha, mshipa wa kati unaendelea peke yake kwa sentimita kadhaa ukiwa mtupu, kisha bamba linaanza tena, hivyo kipande kidogo cha jani huning'inia chini ya kile kikubwa. Kwenye vitalu vya Afrika Mashariki majina haya husikika kwa nadra. Wauzaji husema ya majani mapana, ya majani membamba, ya vidoa, ya kujisokota, na lugha hiyo inatosha, kwa sababu krotoni inafaa kununuliwa kwa macho kuliko kwa jina.

Mmea huu hutaka joto. Hustawi pale ambapo joto la mchana ni kati ya nyuzi 21 na 32 na usiku halishuki sana. Likiendelea kuwa chini ya nyuzi 10 hivi, krotoni huanza kudondosha majani, na jalidi huiua. Kwa hiyo pwani yote inaifaa, pamoja na miji yenye joto iliyo kando ya maziwa, kama vile Mwanza, Kisumu na Bujumbura, na pia Kampala. Jijini Nairobi na Arusha huishi, lakini hukua taratibu na kusinyaa katika baridi ya Juni na Julai, hivyo hufaa kupandwa mahali palipokingwa upepo, karibu na ukuta unaopigwa na jua la mchana na kutoa joto usiku. Limuru, Njombe na nyanda nyingine zinazopata jalidi si mahali pake. Anayeishi huko na anataka jani lenye rangi mbili atapata nafuu kwa kupanda yuonimasi ya Kijapani, ambayo majani yake ya kijani yana kingo za njano au nyeupe na huvumilia baridi vizuri.

Mwanga unaofaa ni mwingi, ila si lazima uwe jua kali la kutwa. Jua la asubuhi hadi saa tano au sita, kisha kivuli chepesi cha mnazi au mwembe wakati wa alasiri, huzipa aina nyingi rangi iliyokolea bila kuzichoma. Aina zenye majani mazito na mekundu huvumilia jua la siku nzima, wakati zenye njano nyingi huweza kupauka. Tatizo kubwa huwa kwenye kuhama. Miche ya vitaluni hulelewa chini ya wavu au makuti, na ikitolewa humo moja kwa moja hadi kwenye jua la saa saba, majani hupata mabaka makavu ya kahawia ndani ya siku mbili tatu. Jani lililoungua halirudi. Ni vizuri mche ukae kivulini kwanza, kisha uongezewe jua kidogo kidogo kwa wiki mbili kabla ya kupandwa mahali pake pa kudumu.

Udongo unaopendwa na krotoni ni tifutifu, unaopitisha maji, wenye mboji na uchachu kidogo, yaani pH kati ya 4.5 na 6.5. Hapo ndipo bustani nyingi za pwani hupata shida. Sehemu kubwa ya ardhi ya huko imelala juu ya mawe ya matumbawe, na chokaa iliyomo hupandisha pH na kuyafunga madini ya chuma yasiingie mizizini, hata kama yamo tele kwenye udongo. Matokeo ni majani mapya kutoka ya manjano. Kwa mmea wenye njano ya asili, mtu anawezaje kutambua kwamba hiyo ni njano ya ugonjwa? Kwa kutazama mishipa. Katika aina nyingi za krotoni njano ya asili hufuata mishipa, na kijani hubaki katikati yake. Upungufu wa chuma hufanya kinyume: mishipa hubaki kijani na nafasi zilizo kati yake hupauka, tena huanzia kwenye majani machanga ya kila tawi. Mahali pa namna hiyo inafaa kuchimba shimo pana kuliko kawaida, kuondoa mawe, na kujaza udongo mwekundu uliochanganywa na mboji au samadi iliyooza vizuri. Mwamba ukiwa juu sana, tuta lililoinuliwa au chungu kikubwa ni suluhisho la kudumu zaidi. Majivu ya jikoni, ambayo watu hupenda kuyamwaga kwenye maua, huongeza tatizo hilo kwa sababu nayo hupandisha pH.

Kupanda hufanywa mwanzoni mwa mvua za masika au za vuli. Shimo la sentimita 45 kwenda chini na upana huohuo linatosha kwenye udongo mzuri. Kiriba huchanwa na kuondolewa chote, mizizi iliyojizungusha hunyooshwa, na mche hukaa kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni, maana shina likifukiwa huweza kuoza. Kwa ua, miche huachana kwa sentimita 60 hadi 90; kwa mmea wa peke yake wa kutazamwa, mita moja na nusu kila upande si nyingi. Kwenye ua, safu ya aina moja hupendeza kuliko mchanganyiko wa aina kumi, kwa sababu rangi nyingi zikibanwa pamoja hupigana na jicho halipati pa kutua. Mchanganyiko unafaa pale panapokuwa na kijani kitupu cha kuzitenganisha, kama vile ukoka au kangaga.

Kwa miezi mitatu ya kwanza mche humwagiliwa kila udongo wa juu unapokauka. Baada ya hapo krotoni huweza kustahimili kiangazi cha wastani, ila haifanyi hivyo kwa furaha. Dalili ya kwanza ya kiu ni majani kulegea na kuning'inia mchana. Dalili ya pili ni kudondoka kuanzia chini, na majani ya chini yakishadondoka, sehemu ile ya shina hubaki tupu hadi ikatwe. Kumwagilia mara mbili kwa wiki kwa maji mengi yanayozama hadi kwenye mizizi kuna faida kuliko kunyunyiza kidogo kila jioni. Matandazo ya majani makavu au ya makumbi ya nazi, yakiwa na unene wa vidole vinne na kuachana kidogo na shina, hupunguza sana kazi hiyo. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo ni ya kawaida karibu na bahari, huunguza kingo za majani. Anayeyategemea ajitahidi kukinga maji ya mvua, na mara mojamoja aloweshe udongo kwa maji hayo ili yaisukume chumvi chini.

Kuhusu mbolea, kiasi kinatosha. Samadi iliyooza au mboji, ndoo moja kwa kila kichaka mwanzoni mwa kila msimu wa mvua, huitosheleza krotoni iliyopandwa ardhini. Ile ya chunguni inahitaji pia mbolea ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa uwiano, kwa vipimo vidogo vilivyoandikwa kwenye mfuko. Kuzidisha naitrojeni, kwa mfano kwa kurundika urea, huharakisha ukuaji na kuongeza kijani, na mwenye bustani hupoteza kile alichokipandia.

Kupogoa kunahitaji ujasiri. Krotoni isiyokatwa hupanda juu kwa fimbo chache zenye mkungu wa majani kileleni. Ukikata kilele cha mche ukiwa na kimo cha goti, macho yaliyo chini ya mkato huamka na kutoa matawi mawili au matatu. Ukirudia kwa matawi hayo, kichaka hujaa tangu chini. Mkasi mkali wa kupogolea ni bora kuliko panga, ambalo hupasua shina, na ni bora pia kuliko mkasi mrefu wa kunyolea ua, ambao hukata majani makubwa nusu na kuacha kingo za kahawia. Tawi likatwe juu kidogo ya jicho, moja baada ya jingine. Kazi ni ya taratibu, ila ua uliokatwa hivyo hutambulika kwa mbali. Tawi likijitokeza la kijani kitupu kwenye mmea wa rangi, liondolewe mapema kutoka lilipoanzia. Lina umbijani mwingi kuliko wenzake, kwa hiyo lina nguvu zaidi, na likiachwa litawazidi. Tawi likijitokeza na muundo mpya wa kupendeza, hilo lipandwe peke yake, kwani ndivyo aina kadhaa zinazouzwa leo zilivyopatikana.

Krotoni huzidishwa kwa vipandikizi, si kwa mbegu. Mbegu huota, lakini mche wake hurithi mchanganyiko kutoka kwa wazazi wote wawili na hauwezi kutegemewa kufanana na mmojawapo. Kipandikizi ni kipande cha mmea uleule, na hubeba rangi yake. Hukatwa ncha ya tawi lililokomaa kiasi, yenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo. Majani ya chini huondolewa, matatu au manne yakabaki juu. Yakiwa makubwa sana huviringishwa na kufungwa kwa uzi ili yasipoteze maji. Mkato huoshwa kwa maji au kuguswa na unga wa mkaa ili utomvu ukatike. Kisha kipandikizi huchomekwa kwenye mchanga uliochanganywa na vumbi la makumbi, kikawekwa kivulini na kufunikwa mfuko angavu wa nailoni unaohifadhi unyevu. Kwa joto la pwani mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi sita. Kisivutwe kila mara kutazamwa, kwani mizizi michanga hukatika kwa urahisi. Jani jipya kileleni ni ushahidi wa kutosha. Wengi huweka tawi kwenye chupa ya maji dirishani, nalo hutoa mizizi, ila mizizi hiyo ni laini na huhitaji uangalifu inapohamishiwa kwenye udongo.

Njia nyingine humfaa mwenye kichaka kirefu anayetaka mche mkubwa kwa haraka. Kwenye tawi lenye unene wa penseli au zaidi, hubanduliwa ganda kuzunguka shina, upana wa sentimita 2 hadi 3, na utelezi uliobaki hukwanguliwa hadi mti mkavu uonekane. Utelezi ukiachwa, ganda hujiunga tena na mizizi haitoki. Jeraha hufungwa kwa konzi ya makumbi yaliyolowekwa na kukamuliwa, kisha nailoni juu yake, ikikazwa kwa kamba ncha zote mbili. Baada ya wiki sita hadi nane mizizi myeupe huonekana kupitia nailoni. Tawi hukatwa chini ya fundo hilo na kupandwa likiwa na majani yake yote.

Wadudu wanaoisumbua zaidi krotoni ni wale wanaofyonza. Vidung'ata hujificha kwenye makwapa ya majani wakiwa wamejifunika unga mweupe kama pamba. Vidugamba hushikamana na shina na mishipa kwa namna ambayo mtu huweza kudhani ni vipele vya mmea wenyewe. Makundi yote mawili hutoa majimaji matamu, na juu ya majimaji hayo huota ukungu mweusi unaolifunika jani. Sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye shina ni ishara ya mapema, kwa maana wao huyafuata majimaji hayo na huwalinda vidung'ata dhidi ya maadui zao. Kuosha majani kwa maji yenye sabuni kidogo, kukata tawi lililojaa, na kupulizia mafuta ya mwarobaini jioni, kisha kurudia baada ya wiki, humaliza mashambulizi mengi bila sumu kali. Utitiri mwekundu hutokea kipindi cha ukavu: jani hupoteza mng'ao, huwa na vidoa vidogo vya kupauka, na nyuma yake kuna utando mwembamba. Huchukia unyevu, hivyo kuosha migongo ya majani kwa nguvu ya bomba kwa siku kadhaa hupunguza idadi yake. Madoa ya kahawia yenye duara la njano, yanayoongezeka wakati wa mvua nyingi, kwa kawaida ni ya kuvu au bakteria. Majani hayo huokotwa na kuchomwa, na umwagiliaji huelekezwa ardhini.

Ndani ya nyumba au ofisini krotoni huishi kama iko karibu na dirisha lenye mwanga mwingi. Upepo mkavu wa kiyoyozi huichosha, na kuhamishwahamishwa huichosha zaidi. Mmea ulionunuliwa juzi na kuingizwa sebuleni huweza kudondosha nusu ya majani yake kwa mshtuko huo. Hapo watu wengi huongeza maji wakidhani una kiu, na mizizi ambayo haina majani ya kulisha inaoza. Ukiachwa mahali pamoja, ukimwagiliwa kwa kiasi, hutoa majani mapya yaliyozoea mwanga wa ndani.

Utomvu wake ni wa kuangaliwa. Huacha madoa kwenye nguo yasiyotoka kirahisi, na ngozi ya baadhi ya watu huwasha na kutoka vipele unapoigusa mara kwa mara, hivyo glavu zinafaa siku ya kupogoa. Majani, maganda na mizizi vikitafunwa huunguza mdomo na kuvuruga tumbo. Penye watoto watambaao, au mbuzi na mbwa wachanga, vyungu viwekwe juu na matawi yaliyokatwa yasiachwe yametapakaa uani.

Matawi yaliyopogolewa yana matumizi. Wapambaji huyatumia kwenye matao ya harusi na kwenye vyombo vya maua vya makanisani, kwa kuwa hukaa kwenye maji kwa wiki mbili au zaidi bila kunyauka, na rangi yake huyategemeza maua meupe vizuri. Ncha zikatwe asubuhi na kuachwa ndani ya maji kwa saa kadhaa kabla ya kupangwa.

Kichaka kilichozeeka, kirefu na kitupu chini, kwa kawaida hakina haja ya kung'olewa. Mwanzoni mwa mvua theluthi moja ya matawi hukatwa hadi sentimita 30 au 40 kutoka ardhini, mengine yakiachwa yaendelee kuulisha mmea. Machipukizi yakishatoka na kukomaa, theluthi ya pili hukatwa, na ya mwisho katika msimu unaofuata. Kukata yote kwa pamoja huwezekana kwa mmea wenye afya, lakini mmea uliodhoofika huweza kufa. Kwa njia ya theluthi, kichaka cha miaka mingi hujaa upya tangu chini ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi, na ncha zote zilizokatwa huwa tayari kuchomekwa kwenye viriba.